Wapiga Chapa wa Ghorofa ya Bipin

Ijumaa, 23 Aprili 1999

Stima imepotea mara mbili leo. Hii mvua ya Kisii haina adabu, saa nane ikifika inaingia kama mwenye nyumba. Lakini darasa limeenda. Mama Nyaboke ameinua mausi juu ya meza tena! Akaielekeza kwa skrini na kuibonyeza hewani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akaniambia nicheke tu – yeye ndiye aliyenifundisha kupiga chapa bila kutazama vidole, na siku ile hakunicheka.

Ni kweli. Mimi nilikuwa msichana wa kuchemsha chai pale ofisini. Yeye ndiye alinikalisha mbele ya taipureta akanifunika mikono kwa khanga nisione herufi. Baadaye serikali ikatupunguza, mimi nikiwa wa kwanza kwenda nyumbani. Zile pesa za kuagwa nikanunua kompyuta sita za mtumba, nikakodi ghorofa juu ya duka la vitabu la Bipin. Sasa ofisi ileile imewaambia wapiga chapa waliobaki: cheti cha kompyuta kabla ya mwisho wa Juni, ama mfuate Edinah. Ndivyo walivyosema, mfuate Edinah! Basi wamenifuata. Wako sita.

Mtihani ni tarehe 26 Mei. Mwingine ni Novemba, na Novemba watakuwa wameshalima mahindi ya watu. Nimewaahidi watapita wote. Mdomo wangu huu!


Jumatatu, 26 Aprili

Zimekufa.

Sijui nianzie wapi. Nilifika mapema. Jethro, fundi wangu, ambaye ndiye pia msaidizi wangu darasani, alikuwa ameshafungua madirisha. Akawasha ya kwanza. Picha yetu ya kila siku ya Windows ikaja, mawingu na yote, halafu ikaganda. Akaizima, akaiwasha. Giza. Akawasha ya pili – hivyohivyo. Ya tatu, ya nne. Nikamwambia wewe acha kuwasha! Akasema lazima tujue ni ngapi. Ilipofika ya tano nilikuwa nimeketi sakafuni.

Imebaki ile ya dirishani, tunayoiita Mzee. Mzee betri yake ya saa iliisha zamani, kila asubuhi anaamka akidhani ni Januari 1994. Leo aliamka vizuri, akatuonyesha mawingu. Wanawake wakapiga makofi! Mtu akasema Ee Nyasae, Mungu wetu, hata mashine zina mzee wa boma. Tukamzunguka Mzee siku nzima, mmoja anaandika, watano wamesimama.

Mchana ikawa zamu ya Mama Nyaboke. Barua rasmi. Tarehe ikajileta yenyewe juu kwenye kona: 1994. Akaondoa mikono. Akasema yeye ameandika barua za serikali miaka ishirini na hajawahi kupiga barua yenye tarehe ya uongo, na hataanza leo. Nikamwambia ni zoezi tu, Mama. Akasema zoezi ndilo tabia. Basi nikamwonyesha – mimi mwenyewe, kwa kidole changu – bonyeza saa pale chini mara mbili, chagua mwezi, chagua mwaka. Akaweka 26 Aprili 1999. Akafurahi! Mara ya kwanza mausi imemtii. Akaenda kufungua barua yake.

Mzee akaganda.

Hatujui ni nini. Jethro anasema ni stima. Stima gani inaua mashine moja moja kwa mpango? Mama Nyaboke ameenda kwao Marani bila kuaga.


Jumanne, 27 Aprili

Sasa tunajua. Afadhali tusingejua.

Harsh, kijana wa Bipin, alipanda juu na gazeti. Amerudi mwezi uliopita kutoka Pune, alikuwa anasomea kompyuta. Anasema ni virusi. Vinalala ndani ya mashine vikingoja tarehe moja, 26 Aprili. Jana vimeamka dunia nzima, Korea, Uturuki, mpaka hapa kwetu. Kwa hivyo Mzee aliponea kwa sababu hakujua tarehe. Na sisi tukamwambia.

Sitamwambia Mama Nyaboke. Nilijiapia hivyo saa nne. Saa tano alikuwa ameshaambiwa na Jethro, huyo mdomo bakuli! Amekaa kwenye benchi na mkoba wake magotini. Nilimwambia kosa ni langu, kidole ni changu. Akasema, mwanangu, tarehe niliitaka mimi.

Harsh ameziangalia zote. Tatu haziwaki kabisa, mwili umekufa, anasema. Tatu mwili mzima lakini ndani mmefutwa. Mzee yuko kati ya hizo zilizofutwa. Jethro akaruka: si tunaingiza Windows upya? Diski tunayo! Ndiyo, tunayo. Kila chuo kinayo. Ni diski moja ya kunakiliwa, ilitoka Nairobi, ikaja kwetu, ikaenda Keroka, ikaenda Nyamira, kila mtu akaazima kwa jirani kama chachu ya uji. Harsh akauliza, na mnadhani virusi viliingilia wapi?

Kuna aina mbili, anasema. Moja inapiga mara moja kwa mwaka. Nyingine kila mwezi, tarehe 26. Yetu ni ipi? Hajui. Dawa ya Jethro ya kutafuta virusi ni nzee kuliko virusi vyenyewe, inasema hakuna kitu, mko salama.

Mtihani ni tarehe 26. Nimeitazama kalenda mpaka macho yamewaka.


Alhamisi, 29 Aprili

Nimepiga simu Nairobi kwa wakala wa hiyo Windows, nikaomba msaada. Simu ya Bipin, yeye mwenyewe kasimama karibu akitazama saa. Sauti ya msichana, nzuri, Kiingereza cha puani. Nikaeleza yote. Akasikiliza! Akasema pole. Halafu akaniuliza namba yangu ya leseni.

Nikakata simu.

Bipin akaniuliza wamesema nini. Nikamwambia laini mbaya. Kusema kweli sijawahi kufikiria. Tangu ninunue hizi mashine, Windows ilikuwa ndani yake, kama vile sufuria ina mfuniko. Kumbe ni ya watu. Na siku inakuharibikia ndipo unajua si yako, kwa sababu huna pa kulilia. Baadaye Harsh alinitajia bei ya kununua nakala halali kwa mashine moja. Moja! Siiandiki hapa, nitalia.


Jumamosi, 1 Mei

Sabato. Kanisani Mosocho. Pasta amehubiri juu ya bikira watano waliosahau mafuta. Sikusikia hata neno, nilikuwa nikihesabu mashine.

Harsh alinipendekezea darasa la leo. Nikamwambia Jumamosi ukimwita Mama Nyaboke kazini atakuombea mpaka uugue.


Jumatano, 5 Mei

Harsh amekuja na diski yake. Ilitoka ndani ya gazeti la kompyuta huko Pune. Kwenye jalada kuna ndege mnene ameketi, tumbo jeupe. Mama Nyaboke akauliza, bata huyu anauzwa? Harsh akasema si bata, ni ndege wa nchi za baridi, na hauzwi. Ndiyo maana yake. Hauzwi.

Inaitwa Linux. Anasema imeandikwa na watu wengi wasiojuana, kila mtu kwao, na wameacha jiko wazi: ukitaka kuona inavyopikwa unaingia unaona. Ukitaka kunakili, nakili, mpe jirani, hakuna kosa. Nikauliza kosa lipo wapi basi? Akacheka. Akasema kosa ni kwamba utaingia jikoni hata siku ambayo hutaki.

Akaiingiza kwenye Mzee. Nusu siku. Maandishi yanashuka, yanashuka, ukurasa baada ya ukurasa, utadhani laana. Halafu skrini nyeusi na mstari mmoja mdogo unaomeremeta. Hakuna mawingu. Hakuna kitufe cha kuanzia. Wanawake wakanitazama mimi. Mimi nikamtazama Harsh. Kuna picha pia, akasema, lakini Mzee hana nguvu ya kuzibeba.

Jethro alikuwa amekunja mikono. Akasema kwa sauti, usiache mbachao kwa msala upitao. Windows ni hoteli, unaketi unaletewa. Hii wanakupa unga na kuni! Nani huko ofisini atauliza kuhusu bata? Watauliza Windows. Na mimi nilijua ana haki, hiyo ndiyo inaniuma. Ana haki.

Mama Nyaboke akamjibu kwamba hotelini hajawahi kula kwa raha, lakini jikoni yupo tangu azaliwe. Akasogeza kiti. Harsh akamwambia andika hivi. Akaandika. Bila kutazama vidole! Mashine ikamjibu. Akaandika tena. Ile mausi iliyomtesa miezi mitatu iko pembeni kama panya aliyekufa. Vidole vyake vinakimbia, na mimi nikakumbuka ule mlio wa ofisini zamani. Roho yangu ikapanda kidogo. Kidogo tu.


Ijumaa, 7 Mei

Nimeamua. Mashine zote tatu ni za bata.

Nilishindwa kula tangu juzi. Nikiweka Windows ya Jethro, huenda tarehe 26 asubuhi ikaganda mbele ya mtahini na tumekwisha. Nikiirudisha saa nyuma, barua za mtihani zitatoka na tarehe ya uongo, na Mama Nyaboke hatazipiga. Nikiweka ya Harsh, haitaganda, lakini lazima wanawake wa miaka hamsini wasahau walichojifunza na waanze upya kwa siku kumi na nane, tena toa Sabato. Na mimi mwalimu wao sijui chochote! Namfuata Harsh na daftari kama mtoto wa chekechea.

Jethro ameondoka. Hakutukana. Alisema tu, Madam, unawapeleka mtoni gizani. Chuo kimoja cha Nyamira kimemchukua, wameingiza diski ileile upya na wanasema Mungu yupo. Wanawake wawili wamemfuata. Siwalaumu. Mmoja alilia akiniaga. Nimebaki na wanne.


Jumanne, 11 Mei

Leo nusura nirushe kibodi dirishani.

Hii mashine inatofautisha herufi kubwa na ndogo! Na hawa wanawake, Mungu wangu, miaka ishirini wamefundishwa kuanza kila kitu kwa herufi kubwa. Kila amri wanaianza kwa herufi kubwa, kama barua kwa Mheshimiwa. Mashine inasema haijui. Wanaandika tena, kwa heshima zaidi. Haijui! Mmoja aliniuliza kama mashine ina dharau. Faili inaitwa Barua na nyingine barua, na ni mbili tofauti, na tumepoteza kazi ya asubuhi yote kwa sababu tulikuwa tunatafuta ndogo kumbe ilikuwa kubwa.

Kule Windows ingesamehe. Nasema ukweli. Kule ukikosea inakuuliza, una uhakika? Huku hakuna anayekuuliza. Umesema futa, imefuta. Ndiyo heshima hiyo, Harsh anasema, inakuchukulia kama mtu mzima. Nikamwambia mtu mzima naye ana haki ya kukosea!

Sikutaka kumfokea. Anatusaidia bure, na babake hapendi, anamtaka dukani. Nimemwomba radhi kwa ndizi za mama yangu kutoka Daraja Mbili.


Ijumaa, 14 Mei

Printa.

Nilijua kuna kitu kitakuja. Mama Nyaboke ameandika barua safi, ukurasa mzima, hakuna kosa. Tukatuma kwa printa. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili ukaanzia pale wa kwanza ulipoishia. Wa tatu mbele zaidi. Maneno yanashuka kama ngazi mpaka yanaanguka nje ya karatasi. Tukarudia. Ngazi. Karatasi kumi na moja za ngazi! Chini mvua, juu sisi na ngazi zetu.

Harsh mwenyewe amekwama. Mtihani bila printa si mtihani. Mama Nyaboke amekusanya zile karatasi akazikunja, anasema atawashia moto nyumbani. Halafu akaniambia polepole kwenye ngazi kwamba ameshaongea na mtoto wake wa kidato cha tatu, amemwambia ajiandae, huenda muhula ujao asirudi. Alisema kama anaongea habari za mvua. Nikaenda nyuma ya duka la Bipin nikalia. Nimefika mwisho. Mfa maji haachi kutapatapa lakini naye huchoka.


Jumatatu, 17 Mei

Hii nisingeiamini kama ningehadithiwa.

Harsh aliunganisha mashine ya babake kwa laini ya simu, akatuma imeli kwa kundi la watu wa hiyo Linux. Akaeleza ngazi zetu. Bipin alikuwa anapiga kelele juu ya bili. Leo asubuhi – majibu matatu! La kwanza kutoka Polandi, mtu ambaye jina lake lina herufi nyingi zisizotamkika. Anasema hata yeye ilimpata, ongeza mstari huu mmoja, pale. Harsh akaongeza. Nikashika karatasi kwa mikono yote miwili ikitoka. Imenyooka!

Hakuna aliyeuliza namba ya leseni. Hakuna aliyeuliza sisi ni nani. La pili lilikuwa la mtu mwenye hasira, anasema tungesoma maelekezo kwanza kabla ya kusumbua watu. Mama Nyaboke akasema na huyo pia ashukuriwe, kila ukoo una shangazi kama huyo.

Wameandika barua nne leo, na jedwali la mishahara. Nimelala kidogo alasiri, kichwa juu ya meza. Mara ya kwanza tangu Aprili.


Alhamisi, 20 Mei

Raha ya siku tatu.

Barua ya baraza la mitihani inasema kila mtahiniwa atatoa karatasi iliyochapishwa na disketi yenye kazi yake. Nilikuwa nimeisoma mara mia. Disketi tunazo, nikadhani basi. Harsh ndiye aliyeniuliza, watakaoipokea wataifungua kwa programu gani?

Tumeshuka kujaribu kwa mashine ya Bipin. Yenyewe ina Windows – ilipona siku ile kwa sababu Bipin alikuwa Kisumu na ufunguo wa ofisi mfukoni. Barua ikafunguka, hafifu kidogo, lakini ikafunguka. Jedwali likamwagika. Tarakimu huku, mistari kule, alama za ajabu kama vifaranga wamekanyaga wino. Ni kazi ileile! Kwetu juu imenyooka, kwenye karatasi imenyooka, ukiishusha ngazi mbili imekuwa takataka.

Harsh anasema si kosa la huyu bata. Wenye Windows hawasemi faili zao zimeandikwaje ndani, kwa hivyo wengine wanabahatisha. Nikamwambia mimi sijali kosa ni la nani, nina wanawake wanne. Akapanda juu kujaribu tena. Ana miaka ishirini na mbili, amekonda wiki hizi.


Ijumaa, 21 Mei

Nipige simu baraza niulize? Nikiuliza, watanijibu. Wakinijibu hapana, ni hapana ya maandishi. Nisipouliza, labda mtahini anachukua karatasi tu na disketi anatupa kwenye begi. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Nani hufungua disketi?

Nimeshika simu mara mbili, nikarudisha. Sitauliza. Mungu anisamehe. Nimewaambia wanawake hatari ilivyo, sitaki kuwadanganya. Halafu Mama Nyaboke akasema jedwali liwe fupi basi, na turudi kazini.


Jumanne, 25 Mei

Kesho.

Jethro alipita mjini. Tumesalimiana vizuri, hata akanishika bega. Anasema kule Nyamira wamefunga na kuomba siku mbili, na kesho watawasha mashine kama watu wanaofungua jeneza. Nikamwambia na sisi tuombeeni. Akauliza kama Harsh amepata dawa ya jedwali. Nikasema karibu. Uongo! Amejaribu njia nne, ya mwisho inaokoa mistari lakini inakula tarakimu.

Mama Nyaboke amesuka nywele upya. Amenunua viatu mtumbani. Alipiga jedwali mara sita leo, la mwisho halikuwa na kosa hata moja, akabaki analitazama. Nikamuuliza anaogopa? Akasema anaogopa sana, mwanangu, lakini vidole haviogopi, na mtihani ni wa vidole.

Sili. Nimekunywa uji wa mama nusu kikombe.


Jumatano, 26 Mei

Naandika nikiwa kwenye ngazi. Walimu hawaruhusiwi ndani.

Mtahini ni Bwana Machogu, kutoka Nairobi, mtu mpole, suti ya kahawia. Alipoona skrini nyeusi alisimama mlangoni. Akauliza hii ni nini. Nikasema ni mfumo wa kompyuta, Bwana, Linux. Akasema aliwahi kusoma habari zake. Akatoa karatasi za mtihani. Nusura nimkumbatie!

Wanne, mashine tatu. Watatu wameingia kwanza, Mama Nyaboke amengoja. Nimesikia kibodi. Nimesikia printa. Wametoka wamelowa jasho, mmoja anacheka peke yake. Mtahini amechukua karatasi zao na disketi, akatia kwenye begi. Bila kufungua. Ee Nyasae, bila kufungua!

Sasa ni Mama Nyaboke, peke yake. Nasikia vidole. Havisimami.

–

Bipin ameniita chini, simu ya Jethro. Wamemaliza! Mashine zote ziliwaka. Hakuna iliyoganda. Virusi vilikuwa vile vya mara moja kwa mwaka. Wale wanawake wangu wawili wameandika kwa Windows, mawingu na yote, wamekwenda kunywa soda. Jethro hakunicheka. Alisema tu, nilidhani utapenda kujua.

Nimerudi kwenye ngazi. Sijui nicheke au nijirushe. Yote haya! Herufi kubwa, herufi ndogo, zile ngazi za printa, mtoto wa watu amekonda – kwa kuogopa kitu ambacho hakikuwepo. Ningemsikiliza Jethro wangekuwa wanakunywa soda wote sita.

–

Vidole vimenyamaza. Printa imelia.

Mlango umefunguka. Bwana Machogu amesema, Mwalimu, njoo kidogo.

–

Tuko dukani kwa Bipin, sote. Naandika juu ya kaunta, herufi mbaya.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Alipenda kazi ya Mama Nyaboke. Aliipenda mno! Alisema hajaona jedwali safi namna hii kwa mkoa mzima, akataka kuwaonyesha wenzake Nairobi, akatoa kompyuta yake ndogo ya begini aweke nakala. Akatia disketi. Ikamwagika. Vifaranga skrini nzima. Akatoa za wale wengine watatu. Hivyohivyo.

Sasa ana karatasi mkono huu na disketi mkono huu. Anasema karatasi ni alama za juu. Anasema disketi ni sifuri. Hajui aandike ipi. Si mtu mbaya, jasho linamtoka. Mama Nyaboke amesimama mbele ya mlango na mkoba wake, viatu vipya, hajasema lolote isipokuwa, bwana, uliniambia niandike, nimeandika, si usome.

Amepiga simu Nairobi kwa mkubwa wake. Akaeleza. Akasikiliza. Akafunika simu kwa mkono, akanigeukia. Wanauliza, Mwalimu, hiyo programu mnayotumia ni ya nani?

Kabla sijafungua mdomo, laini ikakatika. Anapiga tena. Nasikia ikiita.

Harsh ananinong'oneza niseme si ya mtu. Nikisema hivyo wataelewa imeibwa! Mama Nyaboke anasema sema ni yetu. Bipin, ambaye wiki tatu hakutaka hata kusikia jina la bata, ameinama chini ya kaunta, ameibuka na fremu yenye vumbi – leseni yake ya biashara, na mihuri yote – ameisukuma mbele yangu. Anasema, wewe mama, sema ni ya Bipin. Mimi niko na leseni.

Simu imeshika. Bwana Machogu anasema ndiyo, mzee, ndiyo, yuko hapa. Ananinyoshea simu.